Reli Uliyomwahidi Mama

Mume wangu Sudi,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali. Yako siwezi kuiuliza, na yangu ukiitaka nitakujibu kwa neno moja tu: nimechoka. Basi tuyaruke hayo. Mvua imekatika sasa hivi, mama yako amejilaza baada ya chakula, nami nimepata karatasi iliyofungia nguo dukani ambayo haijalowa. Naandika kwa herufi nilizofundishwa kwenye chuo cha Kurani utotoni, zile ulizokuwa ukizicheka kwamba zinatembea kinyumenyume. Zicheke tu.

Eda imekwisha. Nimeoga, nimebadili nguo, nimetoka nje ya ua kwa mara ya kwanza tangu wakuchukue begani, na kitu kilichonishangaza ni kwamba migomba imezaa bila wewe. Sijui nilitegemea nini. Duka letu la nguo nimelifunga. Panya wamekula jora moja la kitambaa cha amerikani, na lililobaki linanuka ukungu. Kaka yangu ameleta habari kwa wasafiri waliotoka ziwani: eti eda ikiisha nifunge mzigo nirudi kwetu pwani, nimekaa ugenini vya kutosha, nani atanitazama huku milimani. Nikamjibu kwamba nitakuja. Wallahi nilimjibu hivyo. Nikasema nitakuja nikishamaliza jambo moja la mume wangu.

Jambo lenyewe unalijua. Ni ile reli yako.

Nakumbuka siku uliyonileta hapa Ihembe, miguu yangu imevimba kwa mwendo wa kutoka ziwani, sijui neno moja la Kinyambo ila lile la kuomba maji. Mama yako akatoka migombani. Macho yake yalikuwa yamekwisha zima ulipokuwa mbali, na hakuna aliyekuwa amekwambia. Akasimama akisikiliza. Wewe ukamwendea, naye akarudi nyuma hatua moja, akasema neno ambalo ulinitafsiria baadaye: "Huyu anatembea kama mtu anayehesabu. Mugisha wangu alikuwa akirukaruka." Jina lako la nyumbani, Mugisha, nililisikia siku ile. Mpaka alipokushika uso ndipo akalia.

Kulia kukaisha, maswali yakaanza. Mama yako si mtu wa kusahau swali. Majirani walikwisha mwambia mengi miaka ile: wengine kwamba umeuzwa, wengine kwamba umekuwa askari, wengine kwamba umeoa tajiri wa pwani na umemsahau aliyekuzaa. (Tajiri mwenyewe ndiye mimi, na kanga zangu mbili!) Akakuuliza, "Njia gani hiyo inayomshika mtu miaka yote hiyo, halafu inamrudisha mwingine?" Ukamwambia, mama, ni njia ya chuma, inatoka pwani inakwenda ziwani, na kazi yangu ilikuwa kuilinda. Akasema, "Nionyeshe." Ukacheka, ukasema haibebeki. Hakucheka. Akasema, "Nitengenezee ndogo. Mikono yangu inaona."

Nawe ukaahidi, kinywa chako chepesi.

Nilijua alichokitaka, hata kabla lugha haijanikaa. Hakutaka mchezo wa kuchezea. Alitaka kujua kama kweli kulikuwa na kitu kilichokushika, au ulimsahau tu. Mzazi akiwa na swali kama hilo halali.

Gari ulilichonga upesi. Kichwa chake chenye bomba la moshi, mabehewa matatu, magurudumu yanazunguka hasa. Watoto wa mtaa mzima wakaja kulitazama, wewe ukawapigia mluzi wa gari mpaka mbuzi wakakimbia. Lakini njia! Sudi, ulinichosha na njia. Mtu wa kawaida angelaza vijiti viwili sambamba, akamwambia mama haya, shika, ndiyo reli hiyo. Wewe hapana. "Gari hata mtoto atachonga," ulikuwa ukisema. "Njia ndiyo kazi." Ulipanga matete, ukayapapasa umefumba macho kama yeye, ukayatupa: reli haina mgongo wa mviringo. Ukajaribu uti wa katikati ya jani la mgomba, ukanyooka vizuri, kesho yake umekauka na kujikunja. Ukaleta mbavu za ng'ombe kwa ajili ya kona, nyumba ikanuka, nami nikazitupa bila ruhusa yako.

Siku moja ukanichorea reli kwenye majivu ya jikoni, ilivyo ikikatwa na kutazamwa kwa mbele. "Kitako kipana," ukasema, "kiuno chembamba, kichwa kimejaa. Kama wewe." Nikakupiga na upande wa kanga. Ni vizuri ulinitania, maana ndivyo nilivyoikumbuka.

Ukasema hakuna njia nyingine, ni chuma, na chuma ni cha Tibenda. Ulikuwa umwendee mhunzi huyo mvua zikipungua. Mvua hazikupungua. Mama akateleza akienda chemchemini, maana hakubali kuchotewa maji, anasema siku atakayochotewa maji mjue amekufa. Basi ukaiacha reli, ukakata magogo, ukayalaza yakikingama njia yote ya mteremko, kutoka migombani hadi kwenye maji, ili mguu wake upate pa kushika. Akakulalamikia hata hivyo. "Magogo gani haya, hatua moja haifiki, mbili zinazidi!" Ukamwambia atazoea. Wiki ileile homa ikakulaza, na chuma cha Tibenda hukukiona.

Basi nikakaa eda na lile gari lako mbele yangu. Limekaa kwenye sakafu ya chumba cha nyuma bila pa kupita, linanitazama. Watu wakija kunipa pole, wakiondoka, nabaki nalo. Mama naye alikuwa akiingia na kahawa zake za kutafuna kiganjani, ananipa mbili, anakaa, na kabla ya kuondoka anapeleka mkono kulitafuta gari, analigusa bomba, anatoka. Kila siku hivyo. Heri angenisema.

Nikasema basi, nitaimaliza mimi.

Kwa mhunzi siwezi kwenda. Hata bila eda, huku mwanamke hasogelei moto wa mhunzi, wanasema chuma kitaharibika. Nikafinyanga reli ya udongo, fupi kama kidole, kitako kipana kiuno chembamba, nikampelekea Tibenda kwa mkono wa mama. Yeye akaja mwenyewe, akakaa nje ya ukuta wa matete, mimi ndani, tukazungumza hatuonani. Nikamweleza: viwili, virefu, vinyoofu, kama nilivyofinyanga. Akasema ameelewa. Alikuwa analia kidogo, nadhani, maana mlicheza pamoja mkiwa watoto.

Alipovileta, Sudi, sikuwahi kuona chuma kizuri namna ile. Kimenyooka, kimeng'aa, kiuno kipo, kitako kipo. Na kwenye ncha ya kila kimoja ametia jani pana lenye makali, kazi ya wiki nzima. Kwake yeye chuma kirefu chembamba kitakwenda kuishia wapi, kama si kwenye ncha?

Sikupata nafasi ya kumzuia mama. Alikwisha sikia, ameingia, ameinama, mkono wake unakwenda polepole juu ya chuma, uso umeanza kufunguka. Ukafika mwishoni. Ukasimama.

"Mkuki," akasema.

Nikafungua kinywa nimweleze, Kinyambo chote kikanitoka. Akakaa chini. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwake, "Basi waliosema askari walisema kweli? Mwanangu alikuwa akiua watu?" Yarabi. Nilimshika mikono, nikasema siyo, mama, siyo, nikasema kwa Kiswahili, kwa Kinyambo, kwa machozi. Tibenda nje ya ukuta naye anasikia, anapiga kelele kwamba ni yeye, ni mkono wake, mtu azoee mikuki na majembe maisha yake yote halafu mwambie akiache chuma butu, watu watasema amekufa katikati ya kazi! Nilicheka. Nisamehe, nilicheka na kulia pamoja, katika eda yako.

Akazikata zile ncha. Alinuna, lakini alizikata.

Nikaanza kulaza njia. Niliondoa nyasi zote zilizotandazwa kwenye sakafu ya chumba kile, nikasawazisha udongo, nikamwaga kokoto ndogo nilizookotewa na jirani. Nikachonga mataruma, vile vipande vinavyolala chini kushika chuma, ambavyo wewe ulivipita juu yake kila siku ya Mungu na nyundo begani, ukitafuta msumari uliolegea. Hapo nikakwama. Nafasi gani kati ya taruma na taruma? Nilikuuliza zamani, ukanijibu, "Hatua yangu moja, haizidi haipungui." Haya. Hatua yako nitaipata wapi leo? Uko chini ya udongo na hatua zako umekwenda nazo. Nikakadiria kwa vidole, nikatoa, nikapanga upya, mgongo unaniuma, nakusema vibaya peke yangu. Kama ulinisikia, ni kweli nilisema.

Nikamwita mama.

Kwanza alipapasa sakafu. "Nani ameacha nyumba haina nyasi?" Kwao hiyo ni aibu ya mwenye nyumba, nami ndiye mwenye nyumba. Nikasema ni mimi, nisamehe, ni kwa ajili ya njia. Akainama. Akapitisha vidole kwenye chuma chote, kitako, kiuno, kichwa, akashika kokoto, akagusa taruma moja moja. Nikampa gari mkononi, akalisukuma, likaenda! Likaenda hadi ukutani, halikuanguka. Nilikuwa nimeshika pumzi kama mtoto.

"Ni kizuri, mwanangu," akasema. Kwa ile sauti anayomwambia mgeni aliyempikia chakula kibaya.

Kisha akapapasa chuma tena. Akauliza kwa upole, hakuwa na ubaya, "Na hiki ndicho kilichomzuia? Hata mbuzi angekiruka."

Akaomba nyasi zirudishwe, akatoka.

Sina hasira na mama. Nilikukasirikia wewe. Chuma, kokoto, mataruma, kitako na kiuno, kila ulichokitaka nimekitia, na mama amebaki na swali lake lilelile. Siku ile sikula. Nikamtuma jirani akawaambie wasafiri kwamba nitafuatana nao wakirudi ziwani. Nilisema nimefanya lililo juu yangu. Mtu akichoka, Sudi, amechoka.

Eda ikaisha. Asubuhi iliyofuata nikachukua mtungi niende chemchemini mwenyewe, nipate tu kuona mbali. Magogo yako nilikuwa nimeyapita mara chache kabla hujaugua, mtungi kichwani, akili dukani, nikiyasonya kama mama. Safari hii yalikuwa yamelowa, nikaogopa kuanguka, nikawa natazama chini, naweka mguu kwenye gogo, mguu kwenye gogo. Ilinibidi ninyooshe mguu kidogo. Kidogo tu. Hatua zote sawasawa, haziongezeki mteremkoni, hazipungui.

Na nikawa nyuma yako.

Nilikuwa nyuma yako kwenye njia ya kutoka ziwani, mzigo kichwani, nakanyaga ulipokanyaga, nimechoka na mwendo wako usiobadilika mlimani wala bondeni, nakupigia kelele, "Wewe mwanamume, hata ukikimbizwa na nyati utakimbia kwa kupima?" Nawe bila kugeuka: "Reli imenipimia miguu, mke wangu. Haitanirudishia tena." Nilifikiri ni maneno ya kuchekesha.

Nilisimama katikati ya mteremko. Nikaweka mtungi chini. Nikatazama juu, nikatazama chini kwenye maji, magogo yamelala yakikingama njia, moja baada ya moja, nafasi moja. Hukutumia kamba. Nilikuona ukiyalaza siku ile: unapiga hatua, unalaza gogo, unapiga hatua, unalaza gogo.

Nilirudi nyumbani mbio, nguo imejaa matope. Nikamsalimu shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Nikasema, mama, acha fimbo, njoo. Alidhani nyumba inaungua.

Nikamsimamisha kwenye gogo la juu, mkono wake nikauweka begani kwangu, mimi mbele. Nikamwambia twende, usitembee kama wewe, tembea kama magogo yanavyotaka. Akanyoosha mguu. Anapepesuka, ananishika, tunakwenda. Nikawa namweleza kwa Kinyambo changu kibovu: Hapa ndipo alipokuwa. Siyo hadi kwenye maji tu, mama. Jua likitoka anaanza, jua likizama bado yuko juu yake, analala kando yake, kesho anarudi juu ya yaleyale, nyundo begani, anasikiliza chuma. Akilegeza macho gari linaanguka na watu. Kesho tena. Keshokutwa tena. Hakuna siku mtu anaambiwa haya, leo nenda nyumbani kwa mama yako.

Tukafika kwenye maji. Akasema, "Turudi juu." Tukarudi. Akasema, "Tena." Safari hii hakunishika. Alikwenda mbele peke yake, mikono kaikunjua kando, mguu kwenye gogo, mguu kwenye gogo, na Sudi, nakuapia, niliuona mwendo wako. Mabega yale yale. Nilitia kanga mdomoni.

Alipofika chini akainama, akaligusa gogo la mwisho kwa viganja vyote viwili.

"Mawe," akasema, ndiyo "mama yangu" ya Kinyambo. "Ndiyo maana alikuja anahesabu." Kisha akaanza kucheka, machozi yanamtoka kwenye yale macho yasiyoona. "Alinitengenezea. Nami nimeipita kila asubuhi, ninaitukana."

Tukakaa pale kwenye matope, wajane wawili, yeye wa baba yako na mimi wako, mpaka watu wa chini wakaja na mitungi yao wakatukuta, wakatoa pole nyingine, wakidhani tuna msiba mpya. Mama akawaambia wapite taratibu, wanakanyaga reli. Wakatazamana. Leo wamekwisha sema kijiji kizima kwamba mama wa Mugisha amepata wazimu, naye amefurahi sana.

Nataka kukuuliza, na ndilo nililoandikia barua hii. Ulijua? Ulipokuwa ukilaza yale magogo ulijua kwamba hapo ndipo unapoilipa ahadi, ukanyamaza ili uje umshangaze? Au ni miguu yako tu iliyojua, na wewe mwenyewe akili yako bado iko kwa Tibenda na chuma chake? Nalifikiria hilo hadi kichwa kinauma. Mama anasema hapana tofauti. Labda kwake haipo.

Reli ya chumbani iko palepale, chini ya nyasi. Mama akiingia anaitafuta kwa kidole cha mguu, akiipata anaipita juu kama anavuka mto. Gari nimeliweka mlangoni. Tibenda amekuja kuuliza kama tunataka lenye bomba la chuma, nikamwambia apumzike.

Wale wasafiri walipita jana. Mzigo wangu ulikuwa umefungwa, nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Niliufungua kutafuta shoka lako.

Maana gogo la chini, lile linalogusa maji, limeanza kuoza. Nimelibonyeza kwa kidole, kidole kimezama. La pili yake nalo lina mchwa. Mvua za masika zikikuta yako hivyo, mama atateleza, na safari hii hayupo wa kumlazia mengine. Kwa hiyo nakuahidi hili, na mimi kinywa changu si chepesi kama chako: maadamu mama anashuka kuchota maji, gogo halitaoza mahali pake. Nitalitoa, nitalaza jipya, na nafasi sitaikadiria kwa vidole tena. Hatua yako ninayo, iko mguuni kwangu.

Kaka yangu nimempelekea salamu, nimemwambia asinisubiri.

Pumzika, Sudi. Mungu akupe nafasi pana. Mama ameamka, nasikia anaitafuta fimbo yake, kisha anaiacha.

Mkeo,
Mwanaisha